Gari limegoma kuwaka kwenye baridi: jinsi ya kuutafuta ugonjwa wake

Jana jioni umeliegesha likiwa zima. Alfajiri vioo vimeshika ukungu, pumzi yako inatoka kama moshi, unazungusha ufunguo na injini inajibu kwa uvivu au haijibu kabisa. Wengi wetu hapo hufanya kosa lile lile: tunapiga stata tena, halafu tena, halafu tena, mpaka betri inakata roho. Fundi akija anakuta ugonjwa wa mwanzo umeshafunikwa na wa pili, na hana tena njia ya kuusikia ule wa mwanzo.

Hatua hizi ni za zile dakika kabla hujampigia. Ukiwa na mita ya umeme ya mkononi na spana namba 10 utafika mbali. Usipokuwa na chochote, bado una masikio, pua na taa za mbele za gari, na hivyo vitatu vinatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Jambo moja ulielewe mapema, maana hatua zote zimesimama juu yake. Baridi ya usiku mmoja ni nadra kuharibu kitu kilichokuwa kizima. Kazi yake ni kubana pande mbili kwa pamoja: betri inapungua nguvu, na injini inakuwa nzito kuzungushwa. Betri ya asidi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na kama nusu tu ya nguvu yake ya kupiga stata, hata kama imejaa. Wakati huo huo oili imekuwa nzito kama asali, na stata inadai umeme mwingi kuliko siku za joto. Chochote kilichokuwa kinachechemea, iwe kichwa cha betri chenye kutu, plagi iliyolika au hita plagi moja (ile inayopasha joto silinda ya dizeli) iliyoungua, ndipo kinapoanguka. Kwa hiyo unatafuta kitu kilichokuwa kibovu nusu tangu zamani, na ukikumbuka vizuri, huenda kilishakupa dalili wiki mbili tatu zilizopita.

Kabla hujapiga stata tena

Zima kila kinachokula umeme: taa, feni, redio, hita ya kioo cha nyuma, chaja ya simu. Kwenye gari la gia za mkono, kanyaga klachi mpaka chini hata kama gia iko huru, ili stata isibebeshwe na mzigo wa kukoroga oili nzito iliyomo kwenye giaboksi.

Fungua boneti utazame chupa ya maji ya rejeta. Kama unatumia maji matupu bila dawa ya kuzuia kuganda, na usiku joto limeshuka chini ya sifuri, itikise hiyo chupa. Ukiona barafu, acha kila kitu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na hiyo inatosha kupasua rejeta au hata bloku ya injini. Pampu ya maji iliyoshikwa na barafu nayo inaweza kuikata belti mara tu injini inapozunguka. Gari hilo livutwe hadi mahali penye joto, liyeyuke taratibu, kisha likaguliwe kama linavuja. Aliyeweka nusu maji nusu dawa hana haja ya kuhangaika hapa, kwa sababu mchanganyiko huo hustahimili mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri.

Sasa zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata, usubiri kidogo. Tazama kama ile taa yenye picha ya ufunguo au kufuli inamemeteka haraka haraka, tutairudia. Kisha piga stata mara moja, isizidi sekunde 10, na usikilize. Aliyekaa pembeni mwambie anyamaze kwanza.

Sauti ndiyo inayokupangia njia

*Ta-ta-ta-ta-ta*, mlio wa haraka kama cherehani. Umeme upo wa kuvuta solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayoipa stata umeme), lakini stata ikianza tu kudai umeme mwingi, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, zinapanda tena, inavuta tena. Hii ni betri iliyokwisha au muungano mbovu. Nenda kwenye sehemu ya betri.

*Nyiii… nyiii… nyiii*, injini inazunguka kama mtu anayepanda mlima na gunia. Betri tena, au oili nzito mno kwa baridi hiyo. Mkebe wa oili una namba kama 5W-30 au 20W-50. Ile namba iliyo kabla ya W ndiyo ya baridi, na ikiwa ndogo oili huwa nyepesi asubuhi. Mtu aliyeweka 20W-50 kwa kuwa gari linakula oili, halafu akahamia sehemu ya baridi kali, ameitafutia stata yake mateso.

*Tak!* moja nzito, kisha kimya. Inaweza kuwa stata yenyewe, inaweza kuwa kebo.

Kimya kabisa, hata tak hakuna. Umeme wa kuamuru stata haufiki.

Injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki. Hapa iache betri na stata, wala usinunue betri mpya kwa sababu jirani kasema. Tatizo ni mafuta, cheche au joto. Ruka uende kwenye petroli au dizeli.

Ya mwisho husikika mara chache lakini ni ghali: injini inazunguka kwa wepesi wa ajabu, laini, bila yale mapigo ya kupanda na kushuka uliyoyazoea. Hiyo ni dalili kwamba belti ya taiming, ile inayopatanisha mwendo wa vali na pistoni, imekatika au imeruka meno. Usiendelee kupiga stata, maana kwenye injini nyingi pistoni na vali zitagongana. Gari livutwe.

Kama sauti haijakupa uhakika, tumia taa. Washa taa za mbele, mwenzako asimame mbele azitazame, upige stata. Zikizimika karibu kabisa, ni betri au vichwa vyake. Zikibaki kali vile vile na hakuna sauti yoyote, umeme haujaguswa, kwa hiyo tafuta kwenye njia ya amri: fiusi, relei ya stata (swichi ndogo ya umeme inayoiamuru stata), swichi ya gia au swichi ya klachi. Zikififia kidogo huku unasikia ile tak moja, stata inashukiwa.

Betri na njia zake

Hapa ndipo magari mengi yanapokutwa kwenye baridi, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza itazame tu. Tumbo la betri limevimba? Kuna ufa? Betri iliyojaa ni ngumu kuganda, inahitaji baridi inayozidi nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyokwisha ni hadithi nyingine: asidi yake imebaki karibu maji, na inaweza kuganda kwenye nyuzi 7 hadi 10 chini ya sifuri. Betri iliyoganda usiichaji, usiishtue kwa betri ya gari jingine, usipige stata. Inaweza kupasuka na kukurushia asidi usoni. Itoe, iingize ndani iyeyuke, na hata hapo uikague kabla ya kuiamini tena. Kwa kweli mara nyingi huwa imekufa.

Ikiwa iko sawa kwa macho, weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu na ugusishe ncha kwenye vichwa viwili. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na kwa asubuhi ya baridi hiyo ni sawa na hakuna.

Lakini usiridhike na namba ya kupumzika. Betri kuukuu inaweza kusoma 12.5 ikiwa imetulia na ikaanguka mara tu inapobebeshwa mzigo. Acha ncha za mita pale pale, mwenzako apige stata. Isishuke chini ya volti 9.6, kwenye baridi ya kugandisha, 9 na ushei bado inavumilika. Ikianguka hadi 7 au 6, betri haina pumzi. Ichaji taratibu usiku mzima, uirudie kipimo. Ikianguka tena, muda wake umekwisha. Wakati wa kununua nyingine tazama namba iliyoandikwa CCA: hizo ni ampea ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Usichukue yenye CCA ndogo kuliko ile iliyotajwa na kitabu cha gari.

Sasa vichwa vya betri. Jaribu kuvizungusha kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, umeshapata cha kwanza. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa magadi, kausha, halafu usugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, ndani ya kichwa na juu ya nguzo. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi. Hivyo spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya hakuna cheche.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu hukiruka, nami nilikiruka mpaka kikanigharimu. Betri yangu ilikuwa inapiga stata kivivu kila asubuhi ya baridi. Nikanunua mpya. Asubuhi mbili za uvuguvugu gari likawaka vizuri, ya tatu baridi ikarudi, na *nyiii… nyiii* ikarudi nayo. Nikaishusha stata, fundi akaifungua: brashi nzima, bushi nzima. Ndipo nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu akapiga stata, na mita ikasoma volti 2.3. Pale ilipaswa kusoma karibu sifuri. Kebo ya ethi, ile inayounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, kwa nje ilikuwa nyeusi na safi. Nilipoilegeza bolti yake kwenye chesisi, chini ya ile pete ya shaba kulikuwa na unga wa kahawia, mwembamba kama poda, umeenea duara zima. Nikapitisha msasa kwa dakika chache, nikapaka grisi kidogo juu, nikafunga. Stata ikazunguka kama ya gari jingine. Betri ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo pima pande zote mbili, stata ikiwa inapigwa. Upande wa ethi, kutoka nguzo hasi hadi bodi ya injini: isizidi volti 0.3 hivi. Upande wa chanya, kutoka nguzo chanya hadi bolti nene ya stata: isizidi 0.5. Ncha ziguse nguzo yenyewe ya betri, zisiguse kile kibano kilichofungwa juu yake, la sivyo utaurukia ubovu unaoutafuta. Na ikiwa pande zote mbili ziko safi, betri ina nguvu, na bado unasikia *tak* moja tu, hapo stata ishushwe. Kuigonga taratibu kwa mpini wa nyundo huku mtu anapiga stata kunaweza kukuwashia siku hiyo, brashi zikiwa zimekwama. Usilichukulie kama tiba.

Kimya kabisa

Hii haina mengi. Gari la otomatiki, hamisha gia kutoka P hadi N ujaribu tena. Ikiwaka, swichi ya gia imechoka au haijapangika vizuri. La klachi, kanyaga mpaka mwisho, hakikisha zulia halijajikunja chini ya pedali. Badilishana relei ya stata na nyingine ya aina ile ile kwenye boksi la fiusi.

Ile taa ya ufunguo inayomemeteka sasa. Maana yake gari halijautambua ufunguo wako, na hapo litakataa kuwaka hata betri iwe mpya. Kibetri kidogo kilicho ndani ya ufunguo wa rimoti huzimia kwenye baridi kama ndugu yake mkubwa. Kwenye gari la kubonyeza kitufe, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe hicho huku ukibonyeza. Mengi yana njia hiyo ya akiba isiyohitaji kibetri. Mengine yana tundu au alama yake mahali pengine, na kitabu cha gari kinaeleza.

Kulishtua kwa betri ya gari jingine

Kwanza hakikisha magari yote mawili ni ya volti 12. Malori mengi ni ya 24, na kuyaunganisha na gari dogo ni kuunguza kompyuta zake zote. Magari yasigusane. Yote yazimwe.

Kebo nyekundu, chanya ya betri iliyokwisha. Ncha yake ya pili, chanya ya betri nzima. Kebo nyeusi, hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho ya nyeusi isiende kwenye betri iliyokwisha. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ndiyo hatari. Washa gari zima, liache lingurume dakika tano hadi kumi ili betri iliyokwisha ipate chochote, ndipo upige stata la pili. Ukitoa, rudi nyuma kwa mpangilio ule ule.

Kebo nyembamba za bei rahisi ndizo zinazofanya watu waseme kushtua kumeshindikana. Zikipata moto mkononi, umeme wote umeishia humo.

Kusukuma gari la gia za mkono kunaweza kukusaidia tatizo likiwa la betri tu. La otomatiki usijisumbue.

Petroli: inazunguka vizuri, haishiki

Anza na pua. Piga stata sekunde chache, kisha nenda nyuma unuse kwenye ekzosi. Harufu kali ya petroli: mafuta yanafika lakini hayaungui. Hakuna harufu hata kidogo: mafuta hayafiki.

Kama hayafiki, rudi ndani, zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi bila kupiga stata, sikio lielekee kiti cha nyuma. Kwenye magari mengi pampu ya tangi hunguruma kwa sekunde mbili hivi, *zzzz*, halafu inanyamaza. Usiposikia, kagua fiusi na relei yake. Ukisikia pampu lakini bado hakuna harufu, inawezekana maji yaliyokuwa kwenye mafuta yameganda kwenye paipu au filta. Hapo hakuna ujanja zaidi ya kulipeleka gari penye joto. Tangi linalokaa karibu na tupu kila usiku hukusanya unyevu mwingi. Nusu tangi kwenda juu ni desturi nzuri msimu wa baridi.

Kama harufu ni kali, huenda plagi zimelowa. Kisa cha kawaida ni hiki: jana uliliwasha gari, ukalisogeza mita tano kupisha mtu, ukalizima likiwa bado baridi. Kompyuta ilimwaga petroli nyingi kama inavyopaswa kwa injini baridi, na petroli hiyo haikupata muda wa kuungua. Leo plagi zimelala kwenye unyevu wake. Dawa yake: kanyaga mafuta mpaka mwisho, ushikilie hapo, piga stata sekunde 10. Kwenye magari mengi ya injekta, kukanyaga hivyo wakati wa kupiga stata ni amri ya kukata petroli, ili hewa tupu ipite na kukausha. Ikianza kukohoa, achia mguu taratibu. Isiposhika, pumzisha stata dakika moja nzima kabla ya kurudia. Zikigoma mara tatu, fungua plagi, zikaushe, tazama na uwazi wake; plagi iliyolika ina uwazi mpana, na kwenye baridi cheche yake hairuki.

Gari lenye waya za plagi au dishi la zamani la kugawa umeme, lifungulie boneti gizani mtu akipiga stata. Ukiona vimeta vya samawati vinacheza juu ya waya, umeme unatorokea kwenye unyevu. Kausha kwa kitambaa, na waya hizo zibadilishwe. Usizishike kwa mkono wakati stata inapigwa. Volti zake zinahesabiwa kwa maelfu mengi.

Halafu kuna mwongo mmoja mdogo anayestahili jicho lako: sensa ya joto la maji ya injini. Kompyuta huitegemea hiyo kujua kama injini ni baridi. Sensa ikiiambia kwamba injini ni ya moto, inatoa petroli kidogo, na gari baridi haliwaki kwa petroli kidogo. Gari la namna hii huwaka vizuri sana mchana, ndiyo maana mafundi huambiwa halina tatizo. Chomeka mashine ya kusomea gari kabla hujaliwasha asubuhi, utazame joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku mzima, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana. Maji yakisoma 80 wakati wewe unatetemeka, umempata. Yakisoma 40 chini ya sifuri ilhali baridi haijafika huko, waya wa sensa umekatika, na kompyuta inamwaga petroli mpaka plagi zinalowa.

Dizeli

Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na ndiyo maana baridi inaichukia kuliko petroli. Hapa utatumia macho: mwenzako apige stata, wewe tazama ekzosi.

Moshi mweupe au wa kijivu unatoka lakini injini haishiki. Dizeli inafika kwenye silinda, ila joto la kuiwasha halipo. Kwanza hukumu hita plagi. Ile taa ya springi kwenye dashibodi iliwaka? Uliisubiri izime kabla ya kupiga stata? Zungusha ufunguo, subiri izime, rudisha, zungusha tena usubiri tena. Mizunguko miwili mitatu, ndipo upige. Likiwaka kwa njia hiyo huku likitetemeka na kutoa moshi kwa dakika nzima, kuna hita plagi moja au mbili zimekufa. Kuzipima ni rahisi: chomoa waya wa kila moja, chukua taa ya kupimia, bana upande mmoja kwenye chanya ya betri na gusisha upande wa pili kwenye ncha ya hita plagi. Taa ikiwaka, hita plagi ina njia ya umeme, isipowaka, imeungua. Usizipe volti 12 moja kwa moja kwa waya mtupu, kwani za kisasa nyingi hufanya kazi kwa volti ndogo zaidi na zitaungua papo hapo. Zote zikiwa nzima, kagua relei yake na fiusi yake nene.

Hakuna moshi kabisa. Dizeli haifiki. Dizeli ina nta ndani yake, na kwenye baridi nta hiyo hujitenga, mafuta yanakuwa na ukungu, kisha yanaziba filta. Dizeli iliyotengenezwa kwa msimu wa joto huziba mapema kuliko ya msimu wa baridi. Dalili yake nzuri ni gari kuwaka, kwenda dakika chache, kisha kukosa nguvu na kuzima: lilitumia kilichokuwa kwenye paipu, halafu filta ikakataa. Fungua kidogo tundu la chini la filta, ukinge kwenye chupa ya uwazi. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Ikiwa nzito kama uji au ina mawingu, filta mpya na joto ndiyo njia. Dawa za kuzuia nta zinafaa kabla ya kuganda. Zikitiwa baada, hazirudishi nta iliyokwisha kujitenga. Wazee walichanganya petroli au mafuta ya taa, na injini zao zilivumilia. Pampu za kisasa zenye presha kubwa hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo mchanganyiko huo unazisaga.

Mambo mawili usiyafanye hata ukishauriwa na mwenye uzoefu. Usipulizie dawa ya etha kwenye injini yenye hita plagi; inalipuka kabla ya wakati wake na inaweza kuvunja pistoni. Na usiwashe moto chini ya tangi au kapu la oili. Maji ya moto ndani ya taulo kuzunguka filta ya chuma, au kikausha nywele, vinafanya kazi ile ile na gari linabaki.

Likishawaka

Usilizime. Usilipandishe mlio pia. Oili bado haijafika kila mahali. Kama uko ndani ya gereji, fungua mlango au litoe nje mara moja, maana moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu na inaua.

Rudisha mita kwenye betri injini ikiwa inanguruma. Kati ya volti 13.8 na 14.7, alteneta (jenereta ya gari) inachaji. Ikisoma 12 na kitu, ukilizima tu utarudi ulipoanzia, kwa hiyo liendeshe moja kwa moja hadi kwa fundi. Dakika tano za kunguruma haziijazi betri. Mwendo wa nusu saa au zaidi unasaidia, na chaja ya usiku kucha inasaidia zaidi.

Ikiwa kila kipimo kimekuwa kizuri na bado betri inakutwa imekwisha asubuhi, kuna kitu kinakunywa usiku. Gari likiwa limezimwa na kufungwa, ondoa kebo ya hasi, weka mita upande wa ampea kati ya kebo na nguzo, kisha subiri. Kompyuta za gari huchukua hata nusu saa kulala. Zikishalala, mita isizidi miliampea 50. Ikisoma mia tatu au mia nne, anza kuchomoa fiusi moja moja ukiitazama mita. Fiusi itakayoiangusha namba ndiyo inayokuonyesha mlango wa mwizi. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo ilikuwa ni taa ya buti, ambayo swichi yake ilikwama na ilikuwa ikiwaka usiku kucha ndani ya buti lililofungwa.